Takriri Si Msisitizo Pekee: Historia ya Kitenzi "Kariri" na Jibu la Mtahiniwa

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha na majibu ya Fasihi ya kidato cha nne anaijua sentensi hii: "Mwandishi ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe." Huandikwa kuhusu shairi, tamthilia, riwaya, hadithi fupi na hata wimbo wa kubembeleza mtoto. Mtahiniwa akiona neno limetokea mara mbili, anaandika "takriri". Akiulizwa umuhimu wake, anaandika "kusisitiza". Akishaandika hivyo hufunga ukurasa, akiamini kwamba amemaliza kazi.

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa mara nyingine ni sahihi, halitoshi, na kwamba mara nyingi linapotosha. Njia tutakayoifuata ni ya kihistoria. Tutachunguza maneno ambayo Kiswahili hutumia kutaja tendo la kusema jambo tena, hasa kitenzi "kariri", tuone yalikotoka, yalivyotumika pwani, yalivyofika bara hadi maeneo kama Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, na yalivyobadilika maana yalipoingia shuleni na katika vyumba vya habari. Tukishaifahamu historia hiyo tutakuwa na msingi wa kumwelekeza mwanafunzi kutoa jibu lenye uzito.

Chimbuko la maneno yenyewe

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba vitenzi vyetu vikuu vya kurudia vina asili ya Kiarabu. "Kariri" limetokana na karrara, yaani kufanya au kusema tena. Kutokana na mzizi huohuo tumepata nomino "takriri". "Rudi", ambalo ndilo shina la "rudia", lina uhusiano na radda, yaani kurudisha. Na kutokana na mzizi huo tumepata "radidi" na "uradidi". Hivyo basi, mwanafunzi anayeuliza tofauti kati ya kurudia na uradidi anauliza kuhusu ndugu wawili wa nyumba moja. "Rejea" nalo limetokana na raja'a, kurudi.

Ni vizuri kutahadhari hapa. Neno "uradi", ambalo wingi wake ni "nyiradi", halitokani na mzizi wa "uradidi", ijapokuwa yanafanana kwa sauti na ingawa nyiradi hukaririwa. Uradi unatokana na wird, yaani dua au dhikiri ambayo mtu amejiwekea kuisoma kwa nyakati maalumu. Kufanana kwa sauti hakuthibitishi udugu wa maneno.

Kitenzi karrara kina maana nyingine katika Kiarabu ambayo inafaa kuzingatiwa na mhakiki. Maana hiyo ni kusafisha kwa kupitisha kitu tena na tena, kama inavyofanywa sukari au mafuta yanayotolewa ardhini. Hadi leo, usafishaji wa mafuta huitwa takrir katika lugha hiyo. Kwa hivyo, tangu chimbuko la neno, kurudia hakukuwa na maana ya kupaza sauti pekee. Kulikuwa pia kupitisha kitu mara nyingine ili kitoke kikiwa tofauti na kilivyoingia. Maana hii ya usafishaji haikuhamia katika Kiswahili, lakini inatufaa kama ukumbusho: kinachorudiwa si lazima kibaki vilevile.

Ingawa majina ya tendo hili tumeyaazima, tendo lenyewe ni letu. Lugha za Kibantu zilikuwa zikirudufisha maneno kabla ya athari za Kiarabu. Kiswahili kimeendeleza tabia hiyo kwa njia nyingi. "Polepole" na "sawasawa" huongeza nguvu. "Mmoja mmoja" hugawa watu katika safu. "Mbalimbali" si mbali sana, bali ni tofauti tofauti. "Chekacheka" ni kucheka ovyo, bila sababu wala kina. "Majimaji" si maji mengi, bali ni kitu kilichokaribia kuwa maji: uji wa majimaji ni uji uliokosa unga wa kutosha. Mifano miwili ya mwisho inaonyesha wazi kwamba sarufi yetu haikubali kanuni ya "kurudia ni kusisitiza". Wakati mwingine kurudia hupunguza, hulegeza au hugeuza maana kabisa.

Kariri na hifadhi: urithi wa pwani

Katika vyuo vya pwani, yaani shule za Kurani za Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko, mwanafunzi alisoma kwa kukariri. Mwalimu alitamka, wanafunzi wakaitika, wakarudia mpaka maneno yakakaa moyoni. Lengo la safari hiyo liliitwa "kuhifadhi". Kitenzi hiki kina maana mbili ambazo kwa Mswahili ni maana moja: kuweka kitu salama na kukijua kwa moyo. Kukariri kulikuwa njia, na kuhifadhi kukawa kikomo. Aliyehifadhi aliheshimiwa, kwa kuwa maneno yalikuwa salama kwake hata kama karatasi ingeliwa na mchwa.

Maandiko yenyewe yalimfunza mwanafunzi huyo matumizi ya urudiaji. Sura ya 55 ya Kurani, Ar-Rahman, ina aya 78, na miongoni mwake aya moja inarudiwa mara 31. Wasomaji wetu Wakristo watakumbuka Zaburi ya 136, yenye aya 26, ambapo kila aya inamalizika kwa maneno yaleyale. Katika maandiko yote mawili kiitikio hakibadiliki hata neno moja, ila kinachotangulia kiitikio hubadilika. Kila mara jambo jingine linatajwa, kisha maneno yaleyale yanarejea yakiwa na shahidi mpya. Anayesema kwamba kiitikio hicho "kinasisitiza" hajakosea, lakini hajaeleza kinavyofanya kazi. Kinakusanya ushahidi.

Faida ya kukariri inadhihirika zaidi katika historia ya ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayeaminika kuishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi yaliyosambaa midomoni mwa watu. Alipofariki, sehemu kubwa ya kazi yake ilibaki katika kumbukumbu za wenyeji. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya mashairi hayo na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Mmishenari W. E. Taylor aliyanakili kwa hati za Kirumi, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikachapishwa huko Johannesburg chini ya uhariri wa William Hichens. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa uchunguzi wake mkubwa kuhusu mshairi huyo.

Hebu tutafakari jambo hili. Kati ya kifo cha Muyaka na kifo cha Mwalimu Sikujua kuna miaka 50. Katika kipindi hicho mashairi hayo yaliishi hasa kwa sababu watu waliyakariri. Vina, mizani na vibwagizo ambavyo mwanafunzi wa leo huviona kama orodha ya istilahi vilikuwa vyombo vya kuhifadhia. Kina kinachorudi mwishoni mwa mshororo humsaidia mkariri kukumbuka neno linalofuata. Kibwagizo, ambacho wengine hukiita kiitikio au mkarara, humpa nafasi ya kupumua na huwapa wasikilizaji nafasi ya kuingia. Takriri katika ushairi wa jadi ilikuwa kazi ya kumbukumbu kabla ya kuwa pambo.

Kiswahili chapanda bara

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, ikapitia Bonde la Ufa na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya bonde hilo, ikiwemo nchi ya Naivasha na Nakuru, na mashamba ya walowezi yakachukua nafasi ya malisho. Wafanyakazi walitoka jamii mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha wao kwa wao na lugha ya kuamriwa na mwajiri.

Kiswahili hicho cha shambani hakikuja na chuo wala diwani. Mtu wa eneo hili alijifunza "rudia" kama amri: rudia kazi, rudi ulikotoka. "Kariri" hakukutana nalo shambani bali darasani, na pale darasani halikuandamana na "hifadhi". Ndiyo sababu hadi leo mwanafunzi wa Ndabibi akisikia "hifadhi" hufikiria kwanza mbuga ya wanyama kama Hell's Gate, iliyo jirani yake. Maana ya kuhifadhi shairi moyoni humjia kama habari mpya.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba mwanafunzi huyu alikosa sanaa ya kurudia. Katika nyimbo za Kimaasai kuna kiongozi, olaranyani, anayetoa wimbo huku kundi likimwitikia. Mawimbi ya kiitikio hubaki yaleyale ilhali kiongozi anabadilisha maneno. Nyimbo za kazi za Wagikuyu na za jamii nyingine zilizofanya maskani hapa zina mpangilio wa namna hiyo. Mwanafunzi wetu basi anayo maarifa ya takriri nyumbani kwake. Lililobaki ni mwalimu kumwonyesha kwamba analolijua nyumbani ndilo linaloulizwa katika karatasi.

Nyimbo hizo pia zinatoa ushahidi dhidi ya jibu la mazoea. Katika bembelezi, maneno hurudiwa ili sauti izoeleke na mtoto alale, msisitizo ungemwamsha. Katika hodiya, yaani wimbo wa kazi, maneno hurudiwa ili mikono iinuke na kushuka kwa pamoja. Katika mbolezi, jina la marehemu hurudiwa kwa kuwa anayeliita hajakubali kwamba hataitikiwa. Urudiaji ni mmoja, kazi ni tatu, na hakuna hata moja inayoelezwa vilivyo na neno "kusisitiza".

Kariri laingia katika mtihani

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na istilahi za uhakiki zikaenea katika kila shule ya upili nchini. Hii ilikuwa neema kubwa kwa lugha. Hata hivyo, istilahi zilipofika kwa kasi, nyingi zilifika zikiwa na maelezo ya mstari mmoja. Takriri ikaelezwa kuwa "urudiaji wa neno au maneno ili kusisitiza", nao wanafunzi wakayakariri maelezo hayo.

Wakati huohuo "kukariri" kukapoteza heshima yake. Wazazi, walimu na waandishi wa habari walianza kulalamika kwamba wanafunzi "wanakariri tu" bila kuelewa. Lawama hiyo ilikuwa na msingi, na ni miongoni mwa hoja zilizotolewa kutetea mtaala wa umilisi, ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2017. Lakini tazama kinaya kilichopo. Istilahi inayotaja urudiaji imekuwa yenyewe mfano wa kukariri kusikoeleweka. Mtahiniwa anarudia maelezo ya kurudia, na asiulizwe anachorudia kina maana gani.

Katika vyumba vya habari neno hili lilipata kazi nyingine. Wanahabari walihitaji neno la kutafsiri kitenzi cha Kiingereza reiterate, ambacho viongozi hukitumia sana. Wakaandika: "Waziri alikariri kuwa barabara itajengwa." Kitenzi hicho cha Kiingereza kimetokana na Kilatini: iterum ni "tena", iterare ni "kurudia", na kiambishi re- nacho kina maana ya "tena". Neno zima lina "tena" mara mbili, na wako wasemaji wa Kiingereza wanaoongeza "tena" ya tatu mwishoni. Sisi nasi tuna "rudia tena" na "kariri tena", ambazo walimu huzikosoa kila muhula. Kosa hilo si la Waswahili peke yao.

La muhimu kwetu ni tofauti kati ya kukariri na kusisitiza, ambayo tafsiri hii inaifichua. Waziri anaweza kusisitiza jambo analolisema kwa mara ya kwanza. Hutilia mkazo kwa sauti au kwa maneno kama "kamwe" na "ni lazima". Hawezi kulikariri, kwa maana ya wanahabari, kama hajawahi kulisema. Kukariri kunahitaji historia: kuna mara ya kwanza iliyotangulia, na msikilizaji anaikumbuka. Ndiyo sababu mkazi wa eneo lenye barabara mbovu akisikia kwamba waziri "amekariri" ahadi, haisikii ikiwa nzito zaidi. Pengine huisikia ikiwa nyepesi kuliko ya kwanza, kwa sababu anakumbuka ya kwanza ilivyoishia. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni muda uliopita kati yake. Mhariri anayetaka kuepuka kejeli hiyo anaweza kuandika "alirudia kusema" au "alishikilia kwamba", kulingana na habari ilivyo.

Kutoka historia hadi jibu

Historia hii inatupatia kanuni moja ya uhakiki: tokeo la pili la neno halilingani na la kwanza, kwa sababu la pili linakuja baada ya la kwanza. Kazi ya mhakiki ni kueleza kilichobadilika baina yake. Methali yetu maarufu inatoa mfano bora: "Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Neno "kosa" limetokea mara nne. Je, limesisitizwa tu? La. Katika tokeo la kwanza na la nne, kosa ni tendo. Katika la pili na la tatu, kosa ni hatia. Methali inatenganisha tendo na hatia, halafu inaviunganisha pale tendo linaporudiwa. Ukiondoa takriri hiyo, hoja yenyewe inatoweka.

Tuchukue sasa mishororo miwili iliyotungwa kwa ajili ya makala hii:

Asubuhi nilingoja, adhuhuri nilingoja,
Na magharibi ikaja, bado nami ninangoja.

Mtahiniwa wa kawaida ataandika: "Kuna takriri ya neno ngoja. Inasisitiza kungoja." Mtahiniwa aliyefunzwa kuuliza kilichobadilika ataandika hivi: "Kitenzi ngoja kimerudiwa mara tatu. Mara mbili za kwanza kina kiambishi -li- cha wakati uliopita, na mara ya tatu kina -na- cha wakati uliopo. Siku imesonga kutoka asubuhi hadi magharibi ilhali nafsineni hajasonga. Takriri inaonyesha kwamba kungoja hakujaisha, na hivyo inajenga hali ya kukata tamaa au ya uaminifu usiotetereka." Jibu la pili limetaja, limetoa ushahidi na limefasiri. Mtahini hana sababu ya kulinyima alama.

Kwa hivyo, mwanafunzi anapokutana na urudiaji, ajiulize maswali yafuatayo:

1. Ni nini kilichorudiwa? Ni sauti, silabi, neno, kirai, mshororo mzima au muundo wa sentensi?

2. Je, urudiaji huo ni wa lugha au wa mtunzi? "Polepole" ni neno la kila siku, mtunzi hakuliunda. Mtahiniwa asiliwasilishe kama ubunifu wa kipekee, isipokuwa kama limejirudia kwa namna ya pekee katika kifungu.

3. Limerudiwa wapi? Kikwamba huanza na neno lilelile. Pindu hushika neno la mwisho na kuanza nalo ubeti unaofuata. Kibwagizo hufunga kila ubeti. Kila mahali pana kazi yake.

4. Nani anarudia, na nani anasikia? Mhusika mlevi, mzee anayeusia, mwanasiasa na mama mwenye mtoto mgongoni hawarudii kwa sababu moja.

5. Ni nini kimebadilika kati ya tokeo la kwanza na la mwisho: njeo, msemaji, hali, maana au msimamo wa msikilizaji?

Akishajibu maswali hayo anaweza kuhitimisha kwamba takriri imetumiwa kusisitiza, kama ndivyo ilivyo. Msisitizo ni kazi halali ya takriri. Lakini utakuwa umethibitishwa na kifungu chenyewe.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kitenzi "kariri" kilitoka katika lugha ambamo kurudia kulihusishwa na kusafisha, kikakaa pwani kama njia ya kuhifadhi elimu na ushairi, kikafika bara bila mwenzake "hifadhi", kisha kikawa neno la lawama shuleni na neno la ahadi za viongozi magazetini. Katika hatua hizo zote, kusema jambo kwa mara ya pili hakukuwa sawa na kulisema kwa sauti kubwa zaidi.

Walimu wenzangu, hatuna haja ya kuwakataza wanafunzi kukariri. Mwanafunzi aliyehifadhi beti kumi za Muyaka ana hazina ambayo maelezo ya kitabu cha marudio hayawezi kumpa, na anaweza kuitegemea katika chumba cha mtihani na baada yake. Tumkataze kukariri majibu, na tumwachie mashairi. Ninawaalika mjaribu zoezi moja: mpe mwanafunzi shairi lenye kibwagizo, umwombe aeleze kibwagizo hicho kina maana gani baada ya ubeti wa kwanza, kisha kina maana gani baada ya ubeti wa mwisho, na umkataze kutumia neno "kusisitiza". Majibu mtakayoyapata yatawaonyesha ni wapi pa kuanzia kufundisha takriri.